Maji Hayamwagiki Yenyewe

Ofisini, 4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila Mama na magoti yake. Akipanda ngazi utadhani anapandishwa kizimbani. Anakusalimu, kwa namna mawifi wanavyosalimiana. Kaka Cheche karakana yake ya kuchomelea inakwenda vizuri, moto unaruka mpaka barabarani, waliompa jina hawakukosea. Mkewe, wifi yangu fundi cherehani, amekwenda kwao kumuuguza mama yake. Yapata mwezi sasa na hatujapata neno lake. Cheche amekonda. Nikimtania kwamba jiko limemshinda, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Sasa kazi. Ule mwongozo wa sheria ninaowaandikia mashirika ya hisani, waajiri na wenye biashara kila mwezi, safari hii unakuhusu wewe kuliko wote. Sheria imebadilika. Kila shirika la hisani lazima liandikishe kwa msajili mahali lilipo, na yeyote anaweza kwenda kuangalia. Usishtuke. Nyumba za hifadhi kama yako, zinazowaficha wanawake waliokimbia vipigo, zinaruhusiwa kuandika sanduku la posta tu, mradi ziombe mapema. Nimeshakuombea na tumekubaliwa. Huko mlikohamia, katika ukoo wetu ulinielekeza mimi peke yangu.

Nakukumbusha tena habari ya mlinzi wako. Najua Bondia ni mtu wa nyumbani, lakini kwa sheria wewe ni mwajiri na yeye ni mfanyakazi. Mpe mkataba, umkatie bima. Mtu anayelinda geti la watu wanaowindwa hawezi kulindwa na neno la mdomo.

La mwisho ni la furaha, na usiseme nimekuambia. Cheche alipita ofisini juzi. Anasema tangu Baba afariki hajakufanyia lolote la maana, na anataka kuja kukutengenezea geti la chuma, bure, akushtukize. Akaomba nimwelekeze. Nilisita kidogo, kisha nikajiambia: ikiwa mtoto wa kaka yako si wa kuaminiwa, nani basi? Nimemchorea njia.

Binti yako,
Wakili


Nyumbani, 6 Machi

Mwanangu,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana barua yako ya mwezi huu haijafika. Gari la posta likiharibika huku, linasubiri fundi azaliwe kwanza. Na simu unajua hatuwashi. Kuna waume wanaofuata simu kama fisi anavyofuata mfupa.

Tumezoea nyumba mpya. Jiko ni kubwa, uani kuna kamba nne za kuanikia, na geti ni bovu lakini lina Bondia. Ule mkataba ulioniandikia kwa mkono wako mwezi uliopita nimempa. Akaugeuza huku na huku, akasema, "Mama, mkataba nilisaini mara moja tu, wa ulingoni, nikapigwa mpaka nikamwamkia refa nikidhani ni baba mkwe." Hata hivyo amesaini, na bima nimekata. Uzee umemfika, masikio yamevimba kama ndondi zilivyomwachia, lakini wageni wangu wanalala kwa sababu yake.

Nina mgeni mpya. Alilazwa kwanza hospitali, ndipo akaletwa kwangu. Taya limefungwa kwa waya, anakunywa kwa mrija. Mgongoni ana alama za mnyororo, pete kwa pete, unaweza kuzihesabu. Jina lake silisemi hata kwako. Nataka kitu kimoja tu. Kuanzia leo, mtu yeyote akikuuliza tulipo, hujui. Mama yako akikuuliza, hujui. Kaka yako akikuuliza, hujui. Usitake sababu. Wewe ndiye uliyeandika kwenye mwongozo wako kwamba siri ya nyumba ya hifadhi haina ndugu.

Kula vizuri. Picha uliyoleta mara ya mwisho shingo imekuwa kama ya korongo.

Shangazi yako


Nyumbani, 19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini hamjambo. Mimi mzima wa mwili.

Wiki iliyopita, saa nne asubuhi, mtu aliingia hapa na nondo. Bondia alipigwa kichwani. Alilala hospitali siku tatu bila kuzinduka. Tumemzika. Mgeni wangu mmoja alivunjwa vidole vya mkono wa kulia. Jikoni maji ya moto yalimwagika, yule mtu akaungua, polisi wakamchukua.

Nijibu kama unavyowajibu wasomaji wako. Mwajiri ambaye mfanyakazi wake ameuawa kazini anapeleka taarifa wapi? Mjane anadai nini, na anamdai nani? Polisi wakitaka majina ya wageni wangu wote, niwape? Na mtu akiungua ndani ya nyumba yangu, nani wa kujibu?

Barua yako ya tarehe nne imefika. Nimeisoma. Siijibu.

Shangazi yako


Ofisini, 27 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole. Pole haitoshi, lakini ndilo neno tulilopewa. Barua zako mbili zimenifikia siku moja, ya tarehe sita na ya kumi na tisa, zimefungwa kwa uzi mmoja. Nimelia kwa ajili ya Bondia mpaka karani akafunga mlango.

Majibu yako. Taarifa ya kifo cha kazini mwajiri anaipeleka kwa afisa kazi, kwa maandishi, bila kungoja polisi wamalize yao. Mjane ana haki ya fidia. Kwa kuwa ulikata bima, atalipwa na bima, asizungushwe. Pia mjulishe msajili wa mashirika kwamba mmepatwa na tukio zito. Majina ya wageni usiwape polisi kwa kuombwa tu. Waje na amri ya mahakama. Aliyeumizwa peke yake ndiye anayeweza kujitaja, akitaka.

Swali la mwisho nimeshindwa kulijibu, kwa sababu hukuniuliza vizuri. Umeandika "maji yalimwagika". Maji hayamwagiki yenyewe usoni pa mtu. Sheria haijui kumwagika, haijui kuvunjika wala kuanguka; inauliza nani alimwaga, nani alivunja, nani aliangusha. Niandikie nani.

Huku nako balaa halikuja peke yake. Nimerudi safari ya kazi nikakuta Mama hayupo. Ameacha ujumbe kwa jirani kwamba Cheche ameungua, mtungi wa gesi umemlipukia karakana. Amelazwa hospitali ya mbali. Nakwenda kesho. Geti lako itabidi lisubiri.

29 Machi

Barua hii sikuituma. Naiendeleza hapa.

Nilipita karakana kwanza. Mitungi yote imesimama ukutani, mizima. Nikasafiri nikijiambia hili na lile, mradi nisijiambie lenyewe. Wodini nilikuta askari kakaa kwenye stuli. Cheche mkono mmoja umefungwa pingu kwenye kitanda, kichwa chote bandeji, macho ndani. Nesi aliyekuwa akibadilisha dawa aliniona nikitafuta harufu ya gesi. Akaninong'oneza, "Dada, huyu si wa moto. Huyu ni wa maji."

Mama alinizuia kwa kifua. "Usimuulize kitu. Wa kuulizwa ni shangazi yako." Lakini Cheche alishaijua sauti ya viatu vyangu. Unajua alisema nini? "Ramani yako ilikuwa nzuri, dada. Sikupotea hata kona moja."

Wifi hakwenda kwao. Yule mwenye waya tayani ni wifi. Uliandika tarehe sita nisimwambie kaka yangu, nami nilikuwa nimeshamwambia tarehe mbili. Mama alinisugua mgongo, akaniambia mambo yatakwisha.

Sina uso wa kukuuliza, lakini nitauliza kama wakili, kwa sababu watakuuliza: alipomwagiwa yale maji, alikuwa bado amesimama? Haki ya kujilinda na kumlinda mwingine inaanza hatari inapoanza, na inaishia hatari inapoishia.

Mimi


Nyumbani, 20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako siku nyingi, nikiizunguka kama mtu aliyeona nge chini ya jiwe. Wageni wako salama. Mjane wa Bondia alikuja na watoto, nikawapa nguo zake na glavu zake.

Ndiyo, ni wifi yako. Alikuja kwangu kwa sababu hakuwa na shangazi mwingine. Kaka yako alikuwa akimfungia karakana na kumpiga kwa mnyororo wa kuvutia magari, kisha anampa kitambaa ajifute wateja wasione. Miaka sita. Mama yako alijua. Alikuwa akimpelekea barafu.

Ulitaka kujua. Soma ukiwa umekaa.

Kaka yako alikuja na mfuko wa vifaa begani. Bondia alimzuia. Neno alilolisema mpaka Bondia akafungua mlango mdogo polisi wameniambia, lakini sitakuandikia. Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia kishindo, nikadhani ndoo imeanguka. Nilipochungulia, Bondia alikuwa chini na goti limegeuka nyuma. Aliinuka kwa mguu mmoja, akamtandika kaka yako ngumi moja ya zamani, meno yakaruka. Nondo ikampata juu ya sikio. Akainuka tena. Sijui aliinuka kwa kitu gani, maana kichwa kilikuwa kimeshafunguka. Akamkamata mguu, akapigwa tena na tena, hakuachia. Cheche ilimbidi auchomoe mguu kwenye kiatu. Aliingia kwangu na kiatu kimoja, na kile kingine polisi walikikuta mkononi mwa Bondia.

Niliwapigia kelele wageni wajifungie. Wifi yako hakuwahi. Cheche alimkuta pale jikoni anamenya vitunguu. Akamshika nywele, akamburuta sakafu nzima mpaka mezani, akaulaza mkono wake wa kulia, ule wa mkasi, akasema, "Tuone utashona nini." Vidole vilivunjika kwa sauti ya kuni kavu. Na yeye hakuweza hata kupiga yowe, taya limefungwa waya. Alilia kwa pua.

Nikamwambia, "Cheche, mwachie." Nilisema kwa sauti ile niliyokuwa nikimbembelezea alipokuwa mtoto.

"Shangazi, kaa pembeni. Haya ni mambo ya nyumbani."

"Na hapa ni wapi?"

Aliinua nondo, safari hii akilenga kichwa.

Majiko mawili yalikuwa yanawaka, na juu yake masufuria mawili ya maji ya kufulia mashuka. Unasema maji hayamwagiki yenyewe. Sawa. Nilimwaga. Mimi, kwa mikono hii, kwenye uso niliokuwa nikiupangusa kamasi. Yalikuwa yanatokota. Ngozi ilishuka na maji. Alilia kama alivyolia siku aliyozaliwa, na siku hiyo mimi ndiye niliyempokea.

Unauliza kama alikuwa amesimama. Sufuria la kwanza, alikuwa amesimama. Usiniulize tena.

Shangazi yako


Nyumbani kwangu, 11 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, nina nyuzi tano kwenye nyusi, nitakueleza. Cheche ametoka hospitali kwenda mahabusu. Madaktari wanasema macho hayatarudi.

Sikuulizi tena. Lakini mahakama itauliza, na haitauliza kwa upole.

Mama alikuja ofisini. Alitaka nimtetee Cheche, na nikuandikie wewe useme Bondia ndiye aliyeanza kupiga. "Aliyekufa hadhuriki," akasema. "Damu ni damu."

"Na ya Bondia ilikuwa nini, Mama? Maji?"

Alivua kiatu akanipiga nacho mbele ya karani na wateja. Hakunipiga mara moja tu. Nilimwacha. Karani ndiye aliyemshika, na hapo Mama akaketi sakafuni, akalia mpaka watu wa ghorofa ya chini wakapanda kuangalia. Nilitamani kuketi naye. Sikuketi.

Mpelelezi amenisomea, kwenye maelezo ya Cheche, maneno ya getini, yale uliyokataa kuniandikia. Cheche alimwambia Bondia, "Nimetumwa na binti yake wakili, huu hapa mwandiko wake." Bondia aliujua mwandiko wangu; ndio uliokuwa kwenye mkataba wake. Alikufa kwa kuniamini. Najua ulininyamazia kwa huruma. Heri ungenipiga na wewe, nyusi ya pili bado ipo.

Sasa sikia. Siwezi kuwa wakili wako, na siwezi kuwa wake. Sheria inakataza kusimama pande mbili, na mimi sina hata upande mmoja: mimi ni shahidi. Nimetoa maelezo polisi kwamba njia niliichora mimi. Nimejishtaki mwenyewe Baraza la Mawakili, kwa kuwa ulinipa siri kama mteja nami nikaigawa kama umbea. Wamenisimamisha. Wakili mwenzangu, mama mmoja mwenye sauti ya kengele, atakushika mkono; mwambie kila kitu, hata la sufuria la pili.

Mwongozo wa mwezi huu nimeuandika, ndio wangu wa mwisho. Hauna vifungu vingi. Nimewaambia wenye nyumba za hifadhi, waajiri na wote wanaotunza siri za watu: anayekuja kuuliza kwa upole, akiwa na zawadi mkononi, na damu yako mwilini, huyo ndiye sheria ilimfikiria ilipoandikwa.

Binti yako


8 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Afya nzuri, ila usingizi. Mjane wa Bondia bima imemlipa, amefungua genge la mboga, mtoto wake wa kwanza anafanana na baba yake mpaka masikio.

Ulipotoka kizimbani siku ile hukunitazama. Mimi nilikutazama. Wakili wa kaka yako alikuuliza, "Kwa hiyo unamzika ndugu yako mwenyewe?" nawe ukasema, "Nimeshachangia kumzika mmoja." Mama yako alitoka nje.

Kifungo cha maisha alichopewa kaka yako si kitu cha kushangilia. Aligeuza uso huku na huku ukumbini akitutafuta kwa masikio. Nilijizuia kukohoa.

Zamu yangu iliponifika, yule wakili hakuwa mjinga. "Mama, sufuria la kwanza tumelielewa. La pili, mteja wangu alikuwa amesimama?" Mama Kengele akaruka kupinga. Nikamwambia jaji aniache nijibu. Nikasema, "Alikuwa amelala. Nondo ilikuwa imeshamtoka mkononi. Alikuwa akiniita Shangazi." Wewe ulishatoka, na nilishukuru kwamba ulishatoka.

Sikuwa nikimlinda mtu tena, mwanangu. Nilikuwa nimemwona Bondia kupitia mlango. Macho aliyonayo kaka yako hivi sasa, yaani yasiyokuwepo, ni ya sufuria la pili.

Nami nikashtakiwa, nikakubali kosa. Nimepewa kifungo cha nje. Halafu msajili akaniandikia, kwa adabu, kwamba kwa sheria aliyetiwa hatiani kwa kudhuru mwili hawezi kuwa mdhamini wala kuongoza shirika la hisani. Ni sheria nzuri. Tumekaa kikao, nikakabidhi funguo. Sasa mimi ni mpishi, nina mkataba, na mwajiri wangu ni mkali kuliko nilivyokuwa mimi. Jana amenisema kwa chumvi kuzidi.

Mwajiri huyo ni wifi yako. Taya limeungana kombo kidogo, lakini akisema watu wanasikia. Mkasi anajifunza kuushika kwa mkono wa kushoto.

Tumehama. Mahali sikuandikii. Ukitaka kuja, njoo Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, mji uliopo kwenye muhuri wa barua hii. Kaa kwenye benchi la stendi. Wifi yako mwenyewe atakuja, hataki mtu mwingine aje. Akikuleta, utalala kitandani kwangu. Asipokuleta, rudi zako.

Shangazi yako


2 Oktoba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo, kila mwezi anapanda basi kwenda gerezani na sabuni na chupa ya mafuta ya kupaka makovu. Ameanza kunijibu salamu. Mimi nimepata kazi ya kuchapa barua kwenye duka la vifaa vya ofisi, na watu wananiuliza maswali ya sheria nami nawaambia wamtafute wakili.

Jumamosi nilifika mapema. Nilivaa gauni la kijani alilonishonea wifi, kisha nikaona ni kumlazimisha, nikafunga koti mpaka shingoni juani. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa na maneno mengi sana.

Alikuja mchana. Alisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la viatu, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa sketi. Nikasimama. Tukatazamana, magari yakipita kati yetu. Nilitaka kumwita, nikajishika mdomo, maana jina lake barabarani si langu kulitaja.

Akavuka mpaka katikati. Akasimama pale kwenye mstari, madereva wakampigia honi, mmoja akamtukana. Uso wake niliuona wote. Sikuona hasira, Shangazi, na hilo ndilo baya. Alikuwa akinipima kama anavyopima kitambaa, kama kinatosha au hakitoshi.

Kisha akageuka, akarudi alikotoka.

Amefanya sawa. Mwambie nimesema amefanya sawa, au usimwambie kitu. Sikumfuata. Nilipomwona anakaribia mwisho wa maduka, niligeuza uso wangu ukutani, nikaubandika pale mpaka basi langu lilipoita, nisije nikaona amekata kona ipi.

Binti yako